Jinsi ya kulinganisha simu za mezani za nchi tofauti miaka hadi miaka, bila kuionea Tanzania wala kuipendelea

Kila msimu wa ripoti hapa Dodoma kuna mwanafunzi anapewa kazi ya kulinganisha teknolojia kati ya nchi na nchi, na wengi wanakimbilia simu ya mezani maana data yake ipo bure na inarudi nyuma mpaka 1960. Uamuzi mzuri kabisa. Ila kinachotokea mara nyingi ni hiki, mtu anadaunlodi faili, anachagua Tanzania, Kenya, Marekani na Sweden, anachora chati, mstari wa Tanzania unalala chini umegandana na sifuri kama vile haupo, anaandika "Tanzania ilikuwa nyuma sana" na kazi imeisha. Sentensi hiyo haina uongo lakini haijamfundisha mtu kitu, na mimi inaniuma kwa sababu ndani ya namba hizohizo kuna historia nzito ya nchi yetu na ya wenzetu ambayo inapotea hivihivi. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kuifanya vizuri, kwa wadogo zangu wa vyuo vya hapa, UDOM na CBE na St. John's, na kwa mtu yeyote aliyeko Singida, Kondoa au Mpwapwa mwenye laptopu na bando kidogo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: kabla hujasema nani alikuwa juu na nani chini, sema kwanza kilichohesabiwa ni nini. Laini? Kaya? Watu? Ukikosea hapo, chati iwe nzuri vipi imeshapotosha.

Data inatoka wapi

Chanzo mama ni ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, makao yake Geneva, lilianza 1865 enzi za telegrafu. Kila mwaka ITU inakusanya takwimu kutoka kwa mamlaka za nchi, na kwa hapa kwetu mamlaka yenyewe ni TCRA. Benki ya Dunia inazichukua data za ITU na kuziweka bure kwenye hazina yake ya takwimu, na Our World in Data nao wanazichukua na kuzichora. Hapa kuwa makini, ukiona saiti tatu zinatoa namba ileile usije ukaandika kwamba vyanzo vitatu vimethibitisha, hapo shahidi ni mmoja tu amesikika mara tatu.

Kwenye saiti ya Benki ya Dunia tafuta kwa kodi (code, ile alama fupi ya kila kipimo), ni haraka kuliko kutafuta kwa maneno. IT.MLT.MAIN.P2 ni laini za simu za mezani kwa kila watu 100, na IT.MLT.MAIN bila hiyo P2 ya mwisho ni jumla ya laini za nchi nzima. Pakua zote mbili, utaona baadae kwa nini. Chagua CSV, faili ni dogo halili bando, itakuja zipu yenye mafaili matatu ndani: moja la data, moja la maelezo ya nchi, moja la maelezo ya kipimo chenyewe. Watu wengi wanafuta hayo mawili ya maelezo, usifute, ndiyo yatakayokuokoa mbele ya msimamizi wako.

Ukifungua faili la data utakuta juu kuna mistari ya jina la chanzo na tarehe, kichwa cha jedwali kinaanzia mstari wa 5, kwa hiyo futa hiyo mistari ya juu. Nchi zimepangwa kwenda chini na miaka imepangwa kwenda pembeni, na kwa kuchora ni rahisi zaidi ukigeuza, miaka ishuke chini kwenye kolamu A na kila nchi iwe na kolamu yake. Excel, Google Sheets na LibreOffice zote zina chaguo la kubandika kwa kugeuza, unakopi, unabofya kitufe cha kulia, unachagua bandika maalumu. Nchi zako zitafute kwa kodi ya herufi tatu (TZA, KEN, ZAF, MUS, SWE, FRA, CHN, USA) maana majina kamili yanaandikwa kwa namna ambazo hujazizoea.

Miaka ya zamani data inakuja kwa kuruka, 1960, 1965, 1970, halafu kuanzia 1975 inakuja kila mwaka. Kwa kazi ya kawaida anzia 1975, ukiishia 2023 unapata mistari 49, yaani mstari wa 2 mpaka wa 50 kwenye shiti yako, na fomula zote nitakazotoa hapa chini zinafuata mpangilio huo. Na seli tupu iache tupu. Nasisitiza, kwa sababu kuna mtu anajaza sifuri ili jedwali lipendeze, halafu chati inaonyesha nchi imepoteza simu zote mwaka mmoja na kuzirudisha mwaka unaofuata.

Kilichohesabiwa ni nini hasa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

ITU wanaposema simu ya mezani hawamaanishi kile kisimu tu chenye waya wa kujikunja. Wanajumlisha laini za waya za kawaida zinazofanya kazi, simu zinazopita kwenye intaneti zenye namba maalumu ya nyumbani au ofisini, simu za mezani zisizotumia waya bali mawimbi, chaneli za sauti za laini za kidijitali za maofisini, na hata simu za umma za vibandani. Zote zinaingia kapu moja. Kwa hiyo mstari mmoja kwenye chati unaweza kuwa unaonyesha vitu vitatu tofauti kwa miaka tofauti, na wewe ukadhani ni kitu kimoja kinapanda na kushuka.

Mfano mkubwa ni China. Mwaka 1990 China ilikuwa na laini kama 0.6 tu kwa watu 100, yaani ilikuwa kwenye daraja letu kabisa, nchi za laini chini ya moja. Mwaka 2006 ikafika kileleni, laini kama milioni 368, karibu 28 kwa kila watu 100. Ni mlima wa ajabu, na sehemu kubwa ni nyaya na mitambo iliyojengwa kweli. Lakini ndani yake zilikuwemo laini zaidi ya milioni 90 za huduma iliyoitwa Xiaolingtong, ambayo mtu alikuwa anatembea nayo mkononi mjini kwao, ila kwa vile ilifungwa kwenye mtandao wa simu za mezani ikahesabiwa kama simu ya mezani. Huduma hiyo ilipoanza kuzimwa, mstari wa China ukaporomoka haraka, na mtu asiyejua anaandika kwamba Wachina walitupa simu za nyumbani kwa pamoja.

Kenya jirani zetu nao wana kitu cha namna hiyo kwa udogo. Mwaka 2000 walikuwa kwenye laini karibu 1 kwa watu 100, halafu mwishoni mwa miaka ya 2000 mstari unanyanyuka ghafla kisha unaanguka. Ule mnyanyuko uliletwa na simu za mezani za mawimbi, zile unazonunua ukaziweka mezani zina antena na hakuna fundi anayekuja kuvuta waya. Nigeria umbo lake linafanana. Ukiona nchi ya Afrika imepanda ghafla katikati au mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuanguka haraka, cha kwanza kukishuku ni mawimbi, siyo nguzo na nyaya.

Ufaransa inakufundisha upande wa pili. Mwaka 1970 Ufaransa ilikuwa na laini karibu 8 tu kwa watu 100, nchi tajiri yenye foleni ndefu ya watu wanaosubiri simu, mpaka serikali yao ikamwaga pesa nyingi kwenye mtandao na kufika 1980 walikuwa karibu 30. Kufika 2000 walikuwa juu ya 55, na hapo ndipo penye utamu, miaka ishirini baadae bado wako juu ya 55 wakati Marekani na Sweden zimeshashuka sana. Je, Wafaransa wanapenda sana simu ya mezani? Hapana, kifurushi chao cha intaneti ya nyumbani kinakuja na namba ya simu ndani ya kile kiboksi, ukichukua intaneti umehesabiwa una simu ya mezani hata kama hujawahi kuchomeka kifaa cha kupigia. Japani na Ujerumani nazo zimebaki juu, na huko pia simu za kupitia intaneti zimechukua nafasi ya waya wa shaba. Finland ikaenda kinyume, ilikuwa juu ya 50 mwaka 2000 na imeshuka mpaka chini ya 5.

Kwa hiyo kwenye ripoti yako, chini ya chati ya Ufaransa na Finland usiseme "Wafaransa wameshikilia teknolojia ya zamani". Sema namba ya Ufaransa inabeba laini za intaneti. Maneno machache tu hayo yanabadilisha maana ya chati nzima.

Laini siyo kaya, na kaya ya Dodoma siyo kaya ya Stockholm

Laini kwa kila watu 100 ni kipimo kizuri kwa sababu kinaondoa tofauti ya ukubwa wa nchi. Lakini kina mtego wake, na mtego wenyewe ni ukubwa wa familia.

Chukua Sweden, kaya ya kawaida ina watu kama wawili. Kila kaya ikiwa na laini moja unapata karibu laini 50 kwa watu 100. Sasa njoo Tanzania, sensa ya 2002 ilikuta wastani wa watu 4.9 kwa kaya. Kila kaya ingekuwa na laini moja, nchi nzima ingefika kama 20 tu. Umeona? Kwao 50 na kwetu 20 zingemaanisha kitu kilekile, kwamba kila nyumba ina simu. Kwenye chati ya kawaida msomaji angesema Sweden inatuzidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo ukitaka haki, tengeneza kolamu nyingine, zidisha laini kwa watu 100 na wastani wa watu kwa kaya, unapata laini kwa kaya 100. Wastani wa kaya wa Tanzania unaupata kwenye ripoti za sensa za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na NBS makao yake yako hapahapa Dodoma, huna haja ya kusafiri. Sensa ya 2022 wastani umeshuka mpaka 4.3, kwa hiyo usitumie namba ya 2002 kwa miaka yote.

Na bado hapo hujamaliza, maana laini nyingi hazikuwa nyumbani. Zilikuwa wizarani, benki, hospitali, misheni, shuleni, hotelini. Marekani mwaka 2000 ilikuwa na laini karibu 68 kwa watu 100 wakati kaya zao zina watu kama 2.6, ukipiga hesabu kila kaya na laini moja inatosha 38 hivi. Zilizobaki ni za biashara, na nyumbani nako watu waliongeza laini ya pili kwa ajili ya faksi na intaneti ya kupiga simu. Basi unaelewa kwa nini Marekani ilishuka haraka baada ya hapo, kilichoondoka cha kwanza hakikuwa simu ya familia peke yake.

Swali lako likiwa ni la watu na nyumba zao, kwa mfano unataka kujua asilimia ngapi ya kaya zilikuwa na simu, achana na ITU kwa muda na nenda kwenye sensa na tafiti za kaya. Afrika Kusini wana mfano safi, sensa ya 2001 ilikuta karibu robo ya kaya zina simu ya mezani, sensa ya 2011 ikakuta chini ya asilimia 15. Kwa Tanzania na nchi nyingi za Afrika kuna tafiti za DHS, yaani tafiti za kaya za idadi ya watu na afya, wanaingia nyumba kwa nyumba na kuuliza vifaa vilivyomo, ikiwemo simu isiyo ya mkononi. Marekani wao walianza kuuliza simu kwenye sensa ya 1960, ila kwa miaka ya nyuma yapo makadirio ya kihistoria, na kuna kitu cha kufikirisha humo, mwaka 1930 kama asilimia 41 ya kaya zilikuwa na simu, mwaka 1940 asilimia 37. Zilishuka. Miaka ya 1930 uchumi ulianguka, watu hawana kazi, wakarudisha simu. Kumbe simu ya mezani ilishawahi kuachwa muda mrefu kabla ya simu ya mkononi kuzaliwa, kwa sababu tu bili ya kila mwezi haikulipika.

Ila usichanganye kwenye chati moja asilimia ya kaya ya nchi moja na laini kwa watu 100 ya nchi nyingine. Nimeona ripoti nyingi za namna hiyo na zote zinatia huruma, mtu amehangaika usiku kucha halafu mistari miwili haizungumzi lugha moja.

Piga hesabu ya Tanzania kwa mkono angalau mara moja

Hii hatua watu wanairuka na mimi naona ndiyo inayokufanya uielewe data yako. Chukua mwaka wa sensa, kwa sababu mwaka huo idadi ya watu imehesabiwa, haijakadiriwa. Mwaka 2002 Tanzania ilikuwa na watu 34,443,603. Laini za mezani kwa takwimu za TCRA zilikuwa kama 161,600. Gawa laini kwa watu, zidisha kwa 100, unapata 0.47. Yaani laini moja kwa watu kama 213. Geuza iwe kaya, 0.47 mara 4.9, unapata 2.3, kaya 100 laini mbili na kidogo, na hapo ni kama laini zote zingekuwa majumbani, na hazikuwa.

Sasa hiyo 213 itafakari. Watu 213 kwa laini moja maana yake simu ilikuwa kitu cha kushirikiana. Ilikuwa simu ya ofisi ambayo jirani anapigiwa, simu ya misheni, simu ya kibanda, foleni posta. Kipimo cha ITU kinahesabu laini, hakihesabu midomo iliyoongea kwenye hiyo laini. Ukilinganisha Tanzania na Sweden ukasema watu wetu walitumia simu mara mia pungufu utakuwa umeongeza neno ambalo data haijasema.

Na kuna kitu kingine data haisemi, foleni. Laini 0.47 inakuambia zilizofungwa, haikuambii zilizoombwa. Ujerumani Mashariki ni mfano maarufu, mpaka nchi zinaungana 1990 ilikuwa na laini karibu 11 kwa watu 100 wakati Magharibi walikuwa juu ya 45, na zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameomba simu hawajapata, wengine wamesubiri miaka zaidi ya kumi. Namba ndogo haimaanishi watu hawakutaka. Na kwetu pia kupata laini enzi za Shirika la Posta na Simu ilikuwa ni kusubiri hasa, na kuanzia 1994 simu zikawa za TTCL baada ya shirika kugawanywa, mwaka huohuo na kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ikaanza.

Halafu angalia mwaka 2001. Laini za mezani kama 178,000, za mkononi zaidi ya 275,000. Mwaka mmoja nyuma mezani ilikuwa bado mbele. Hapo ndipo simu ya mkononi ilipoipita ya mezani Tanzania, na sababu inaeleweka, hakuna kusubiri fundi, hakuna nguzo, hakuna ada ya mwezi, unanunua vocha ya uwezo wako, na kwa nchi kubwa yenye vijiji vilivyoachana kama huku kwetu kati, kusimamisha mnara mmoja ni nafuu kuliko kuvuta waya mpaka kila mlango.

Kuchagua nchi

Usichague nchi kwa sababu zinajulikana. Chagua kwa umbo la mstari. Mimi ningechukua moja iliyopanda mapema na kushuka sana (Sweden au Finland), moja iliyopanda kwa kishindo na kushuka (China), moja iliyobaki juu kwa sababu ya intaneti (Ufaransa), moja ya Afrika iliyojenga kiasi (Afrika Kusini, ilikuwa kama 11 kwa watu 100 mwaka 2000), Mauritius kwa sababu yenyewe ni ya pekee, imeendelea kupanda hadi kuvuka 30 wakati nchi nyingi za bara zinashuka, na Tanzania. Kenya ongeza kama msomaji wako ni wa Afrika Mashariki, atataka kujua tu. Zikizidi saba chati inakuwa vurugu.

Kwenye Afrika Kusini kumbuka mambo mawili. La kwanza wastani wa 11 ulificha ubaguzi, nyumba za wazungu zilikuwa na simu kwa wingi na za weusi hazikuwa nazo. La pili, kati ya 1997 na 2002 zilifungwa laini mpya karibu milioni 2.7, lakini jumla ya laini haikuongezeka kwa kiasi hicho kwa sababu nyingi zilikatwa watu waliposhindwa kulipa. Hapa ndipo lile faili la jumla linapokusaidia, unaona laini zilizobaki hai na kuzilinganisha na hizo zilizofungwa.

Jihadhari na nchi ambazo mipaka yake imebadilika. Sudan kabla na baada ya 2011, Ethiopia kabla na baada ya Eritrea kujitenga 1993, zilizokuwa Umoja wa Kisovieti, Ujerumani. Ukiona mruko kwenye mwaka wa namna hiyo soma kwanza faili la maelezo ya nchi.

Kama unataka kulinganisha mikoa badala ya nchi kanuni ni zilezile, na Dodoma ina mtego wake maalumu. Kuanzia 2016 serikali ilivyohamia huku, ofisi zilizokuwa na namba za 022 za Dar zikaanza kuwa na namba za 026. Kwenye takwimu za mkoa hiyo inaweza kuonekana kama Dodoma imepata simu nyingi mpya, wakati mtaani Chang'ombe au Kizota hakuna nyumba iliyovutiwa waya.

Kuchora

Chora chati tatu, kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya kawaida, mwaka chini, laini kwa watu 100 pembeni. Hiyo inaonyesha pengo. Tanzania itakuwa imelala chini, iache ilale, ni kweli.

Ya pili ni ileile ila kwa mizani ya logi, unaipata kwenye mipangilio ya mhimili wa wima. Kwenye logi kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 0.1 kwenda 1 kunachukua nafasi sawa na kutoka 1 kwenda 10. Ghafla mstari wa Tanzania unainuka kutoka sakafuni na unaona mwendo wake, na unaona China ya 1990 ilivyokuwa jirani yetu halafu ikapaa. Logi haikubali sifuri, sababu nyingine ya kutojaza sifuri kwenye seli tupu. Na mwandikie msomaji wazi kwamba hii ni logi, asipojua atadhani Tanzania na Sweden zilikaribiana.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kila nchi ilinganishe na kilele chake yenyewe, kilele kiwe 100. Kama Tanzania iko kolamu B, kwenye shiti mpya andika =B2/MAX(B$2:B$50)*100 ukirejelea shiti ya data, shusha mpaka mstari wa 50, vuta kwenda kulia kwa nchi zote. Mwaka wa kilele unaupata kwa =INDEX($A$2:$A$50,MATCH(MAX(B$2:B$50),B$2:B$50,0)). Kama komputa yako imewekwa mpangilio wa kutumia mkato kwenye desimali, fomula itagoma mpaka uweke nukta mkato badala ya mkato. Ukimaliza angalia kila nchi ilichukua miaka mingapi kutoka kileleni kufika nusu ya kilele, hiyo miaka iandike kwenye kijedwali. Ndipo unapoweza kulinganisha nchi maskini na tajiri kwa kitu kinacholinganishika, kasi ya kuacha. Dunia nzima kwa pamoja ilifika kileleni kama 2005 na 2006, laini 19 hivi kwa watu 100, kwa hiyo unaweza kuuliza kila nchi, wewe ulitangulia dunia au ulichelewa?

Kama utaweka na mstari wa simu za mkononi kwenye chati, hiyo nayo ni laini, siyo watu. Mwishoni mwa 2022 Tanzania ilikuwa na laini za mkononi kama milioni 60 na sensa ya mwaka huo ikahesabu watu milioni 61.7, na wewe mwenyewe unajua watu wangapi hapa mjini wanatembea na laini mbili tatu na watoto wangapi hawana hata moja.

Kuandika ulichokiona

Sentensi za chini ya chati ziandike kwa mpangilio huu: nini kimehesabiwa, wapi, lini, halafu sababu kama unayo. Mfano: "Mwaka 2002 Tanzania ilikuwa na laini za mezani 0.47 kwa kila watu 100, zikiwemo za ofisi na simu za umma; simu za mkononi zilikuwa zimeshaipita mezani mwaka mmoja kabla." Linganisha na "Watanzania wengi hawakuwa na simu". Ya kwanza mtu anaweza kuikagua, ya pili hawezi.

Neno kuruka, kwamba Afrika iliruka simu za mezani, litumie ukiwa na mstari unaoonyesha hivyo. Kwa Tanzania linafaa, mstari haukuwahi kufika hata 1. Kwa Mauritius halifai kabisa, na kwa Afrika Kusini linafaa nusu, kwa hiyo usiandike Afrika, andika nchi kwa jina.

Mwisho, faili ulilopakua lihifadhi kama lilivyo na tarehe ya siku uliyolipakua kwenye jina lake, fanyia kazi kwenye kopi. ITU na Benki ya Dunia huwa wanarekebisha namba za miaka ya nyuma kila nchi zinapoleta taarifa mpya au makadirio ya watu yanapobadilika baada ya sensa, na msimamizi wako akifungua saiti miezi sita baadae akakuta 0.46 badala ya 0.47 yako, utamfungulia faili lako la siku ile mkaangalia wote.